Wanaume wa Alhamisi

Siku niliyostaafu, vijana wa idara ya eksirei walinikatia keki, wakanifunga shuka la Kimasai mabegani na kunitaka nihutubu. Nilisema sentensi mbili nikaketi. Baadaye Mercy, mdogo wao wote, aliniuliza kwa nini kila siku nilikuwa nikiwaambia wasimwache mgonjwa aondoke kabla hawajaiona filamu yake. Nilimjibu kwamba hayo ni marefu, tuyaache. Sasa niko nyumbani Gitothua, huku Ruiru, kuku wangu hawahitaji kuangaliwa sana, na mkono bado unashika kalamu. Basi nayaandika.

Nilianza kazi katika hospitali moja ndogo ya Thika, miaka ya tisini ikianza. Nyinyi mnabofya kitufe, picha inatokea kwenye kompyuta, na isipowapendeza mnaibofya tena. Sisi tulikuwa na mashine moja iliyonguruma kama kinu cha unga, na chumba cha giza chenye taa nyekundu ambamo filamu iliogeshwa kwa dawa ya kwanza, ikasuuzwa, ikaogeshwa kwa dawa ya pili, kisha ikaanikwa kwenye kamba kama soksi. Dawa ile ya pili ilinuka siki, na haikutoka nyweleni. Mume wangu aliizoea mwaka wa tatu.

Aliyenifundisha kazi ni Bwana Mutiso, Mkamba mwembamba aliyefunga miwani yake kwa uzi wa kushonea. Cheti changu nilikipata chuoni, lakini kazi nilifundishwa naye. Asubuhi yangu ya kwanza nilifika nimepiga koti jeupe pasi mpaka likasimama lenyewe. Alinitazama, akaonyesha meza ya eksirei.

"Lala."

"Mimi?"

"Kwani unamwona nani mwingine?"

Nililala. Alinigeuza uso upande, akaniwekea mifuko ya mchanga huku na huku, akachukua rula, akapima, akaninyoosha shingo, akapima tena. Kisha akaenda kunywa chai. Aliporudi shingo ilikuwa inaniuma na shavu limekufa ganzi.

"Sasa unajua meza ni baridi na dakika moja ni ndefu," akasema. "Mengine ni vipimo tu."

Kitu alichokipenda kuliko vyote ni picha ya kichwa kutoka upande. Katikati ya sakafu ya fuvu kuna kishimo kidogo cha mfupa chenye umbo la tandiko la farasi. Ndani yake hukaa tezi ndogo, saizi ya punje ya minji, inayoamuru tezi nyingine zote za mwili. Ukitaka kukiona kishimo hicho vizuri, pima inchi moja mbele ya tundu la sikio, na inchi moja juu, uelekeze taa hapo. Kichwa kikiinama hata kidogo, sakafu ya kishimo huonekana mbili badala ya moja. Kwa Bwana Mutiso, sakafu mbili zilikuwa aibu ya mpigaji. Aliita picha ya namna hiyo "ghorofa". Nilijenga maghorofa mengi miezi ile ya kwanza.

Nilikuwa nimeanza kuacha kujenga, ndipo akaja Daktari Karanja. Alikuwa ametoka kusoma ng'ambo, kijana bado, mpole, na mwenye swali moja lililomsumbua: wanaume wanaopoteza nguvu za kiume, je, wangapi kati yao shida yao iko kichwani? Hakusema kichwani kwa maana ya mawazo. Alimaanisha ndani ya fuvu lenyewe, kwenye ile tezi. Akapewa ruhusa ya utafiti mdogo. Kila Alhamisi aliwaona wanaume wenye tatizo hilo, akawahoji, akawapima presha na sukari, akatoa damu kupeleka Nairobi, kisha akawaleta kwetu tuwapige picha ya kile kishimo. Mwenye picha isiyo ya kawaida angepelekwa Nairobi kwa mashine ya skani, ambayo wakati huo tuliisikia tu kama tulivyosikia habari za mwezi.

Hospitali nzima ilicheka. Mhudumu mmoja wa wodini alisema mbele ya kila mtu, "Ai! Ugonjwa uko chini, na nyinyi mnatafuta juu?" Hata mimi nilicheka. Bwana Mutiso hakucheka. Alisema tu kwamba swichi ya taa haikai kwenye balbu, akaendelea kupanga kaseti za filamu.

Wanaume wa Alhamisi walikuwa na tabia zao. Walikuja mapema sana au wamechelewa sana. Kwenye benchi waliketi mbalimbali, kila mmoja akisoma gazeti, na wakati mwingine gazeti lilikuwa la mwezi uliopita. Majina yao niliyaandika bila kubisha. Nilikuwa na kina Peter Kamau kadhaa, na mmoja wao lafudhi yake ilikuwa ya Kijaluo kabisa. Wakiniona mimi mwanamke, wengi walisema wamekuja kwa ajili ya kichwa kuuma. Niliwajibu, "Sawa baba, ni kichwa tutapiga," na kwa kweli ndicho tulichopiga.

Karibu picha zote zilikuwa safi. Daktari aliwakuta wengi na ugonjwa wa sukari, au presha, au pombe, au msongo wa mawazo wa kufiwa na kufutwa kazi. Baada ya miezi kadhaa nilianza kuona tunachoma filamu bure. Nilimwambia hivyo. Alikuna kidevu akasema, "Nyokabi, sijui. Pengine ni kweli. Tuendelee mpaka mwisho wa mwaka."

Alhamisi moja ya joto aliingia mwanaume wa makamo, mnene kiasi, amevaa koti zito na kulifunga vifungo vyote. Akajiita Peter Kamau. Alipokuwa akiingia aligonga bega la kulia kwenye fremu ya mlango. Akaomba msamaha, akageuka, akaangusha stuli iliyokuwa upande wake wa kushoto. Nilimsogelea kidogo kunusa. Hakuwa na harufu ya pombe. Nikasema moyoni ni woga, maana woga niliuona kila Alhamisi.

"Lala hapa baba. Usitingishike hata kidogo."

"Hiyo si kitu, sista. Mimi nimezoea kukaa tuli. Nashinda kwa usukani siku mzima."

Nilipiga, nikaingia chumba cha giza. Filamu ilipotokea kwenye dawa niliguna. Ghorofa. Sakafu mbili, zimeachana wazi. Niliona haya, baada ya muda wote ule! Nikatoka nikamwambia turudie.

"Kwani imevunjika?" akauliza.

"Haijavunjika. Ni mimi nimekosea."

Safari hii nilitumia rula, sponji, mifuko ya mchanga, na subira yangu yote. Nikapiga, nikarudi gizani. Ikatoka vilevile. Nikamwita Bwana Mutiso. Aliinua filamu ikiwa bado inadondoka maji, akaitazama kwenye sanduku la taa, miwani juu ya paji la uso.

"Angalia mifupa ya macho," akasema polepole. "Imelaliana sawasawa, mmoja juu ya mwingine. Kichwa kilikuwa kimenyooka. Hujakosea, Nyokabi. Hiki kishimo ni kikubwa, kimesukumwa chini upande mmoja. Kuna kitu kimekaa humo na kinapanuka."

Nilitoka mbio. Chumba kilikuwa kitupu. Mwanamke wa kufagia aliniambia yule mzee alimwona mtu wa kanisa lake kwenye baraza, akainamisha kichwa na kuondoka kwa mlango wa nyuma.

Daktari Karanja alipoona filamu zile mbili hakukaa chini. Alituambia kwamba juu kidogo tu ya tezi ile hupita mishipa ya macho. Uvimbe ukikua kwenda juu, huikandamiza, na mtu hupoteza kuona pembeni, kulia na kushoto, bila yeye mwenyewe kutambua. Huona mbele tu, kama anayechungulia ndani ya bomba. Mwisho hupofuka kabisa.

Nilikumbuka bega kwenye fremu, na stuli. Nikakumbuka pia neno lingine.

"Daktari, huyu mtu ni dereva."

Tulifungua daftari la wagonjwa. Jina lilikuwa la uongo, na sehemu ya anwani aliandika "Thika". Thika nzima! Daktari alisema hatuwezi kumtangaza redioni wala kuuliza makanisani, maana wanaume wa Alhamisi wasingekuja tena kamwe, na wangekuwa na haki.

Nilirudi kupangusa meza, kama kawaida baada ya kila mgonjwa. Pale alipokuwa amelaza miguu palikuwa na vijigamba vyembamba vya rangi ya majani makavu, vilivyomwagika kutoka mikunjo ya suruali yake. Mimi nimeolewa Ruiru. Vijigamba hivyo huingia mpaka kwenye sufuria zetu upepo ukivuma. Vilikuwa maganda ya kahawa iliyokobolewa.

"Jumamosi sina zamu," nikasema. "Nitamtafuta."

Bwana Mutiso alinipa bahasha kubwa ya eksirei na ushauri. "Sema ni picha ya kifua, ameisahau. Watu wakidhani ana kifua, watamhurumia."

Nieleze kwa walio vijana: wakati ule watu walikimbia mwenye kifua kikuu kuliko mbwa mwenye kichaa. Lakini mwanaume yeyote niliyemjua angechagua kifua.

Jumamosi nilianza na viwanda vya kahawa vya Ruiru. Cha kwanza hawakujua. Cha pili, mlinzi wa geti alinisikiliza nikimweleza mtu mnene, koti zito, dereva. Akacheka.

"Si ni Njuguna huyo! Amegonga hii nguzo na lori mara mbili, mchana kweupe. Wakasema ni pombe, wakamsimamisha. Na mtu ameokoka! Jumatatu ndiyo anarudi, wamemsamehe." Kisha akashusha sauti. "Ni kifua, eh? Mungu amsaidie. Anakaa Mugutha, nyuma ya zile nyumba mpya za mawe."

Jumatatu. Nilitembea haraka, karibu kukimbia.

Nilimkuta mkewe anachambua maharagwe kwenye ungo. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, uso mzuri uliochoka. Binti yao, Ciku, alikuwa ameenda dukani. Nilijitambulisha, nikasema nimeleta picha ya kifua ya mume wake. Aliweka ungo chini.

"Baba Ciku hakohoi," akasema. "Sijamsikia akikohoa tangu anioe. Mama, wewe ni mwanamke na mimi ni mwanamke. Umetoka Thika siku ya Jumamosi juu ya picha ya kifua?"

Siri ya mgonjwa ni ya mgonjwa, hata kwa mkewe. Nikasema tu ningependa kumngoja. Akanivutia kiti, akaniletea chai, na tulipokuwa tukingoja akaanza kuongea bila kunitazama, vidole vikiendelea na maharagwe.

"Mimi nafunga virago vyangu. Nikwambie tu, maana sikujui. Miaka tatu sasa huyu mtu hanigusi. Naosha nguo zake natafuta manukato ya mwanamke, sipati. Napata fulana imelowa kifuani, madoa kama ya maziwa. Ngai! Nikimuuliza ananijia juu, anavaa koti jua likiwaka. Kaka yangu anakuja kunichukua wiki ijayo."

Niliweka kikombe chini. Daktari alikuwa ametueleza: kuna uvimbe wa tezi ile unaomwaga homoni ya maziwa, hata kwa mwanaume. Nilikuwa nimeshika bahasha mapajani, na jibu la mwanamke yule lilikuwa ndani yake, na sikuruhusiwa kulitoa.

Njuguna aliingia akigonga nguzo ya kibaraza. Aliponitambua uso wake ulibadilika.

"Umekuja kunianika nyumbani kwangu?"

"Nimekuja kwa sababu ya macho yako," nikasema. "Simama hapo. Niangalie pua, usitoe macho kwa pua yangu." Nikanyoosha mikono yangu yote miwili pembeni, nikainua vidole. "Unaona vidole vingapi?"

"Vidole gani?"

Mkewe alisimama taratibu. Nikaleta mikono mbele kidogo, nikachezesha vidole.

"Sasa?"

"Sioni kitu. Niangalie pua ama niangalie vidole? Amua."

"Baba Ciku," mkewe akasema kwa sauti ndogo, "mikono yake iko wazi kabisa. Mimi naiona nikiwa hapa."

Nilimwambia kwamba Jumatatu asiguse usukani. Nikamwambia kuna kitu kichwani kinachokandamiza macho, na kwamba Daktari Karanja anaweza kumsaidia, lakini lazima aje. Akakaa kwenye kigogo cha kuketia, mikono magotini. Alikaa hivyo mpaka kuku wakaanza kumzunguka.

"Ni macho tu?" akauliza.

"Ni macho na kichwa. Mengine utaongea na daktari."

"Kuna mengine?" mkewe akauliza.

Nilinyanyuka niende zangu. Njuguna ndiye aliyenizuia kwa mkono. "Kaa, sista," akasema. Kisha akamgeukia mkewe, na kwa Kikuyu, kwa maneno machache ya mtu mwenye haya, akamwambia alikokuwa ameenda Alhamisi na kwa nini. Akamwambia alidhani amelaaniwa, na kwamba maziwa yale yalimfanya ajione si mwanaume tena, si kitu.

Mama Ciku alijifunika uso kwa leso. "Na mimi nilidhani ni mimi," akasema. "Miaka tatu, nilidhani ni mimi."

Niliondoka wakiwa wamekaa hivyo. Hakuna aliyenisindikiza, na ilikuwa sawa.

Jumatatu walikuja wote wawili. Njuguna aliomba kalamu, akafuta jina la Peter Kamau kwenye bahasha na kuandika lake, herufi kubwa. Damu yake ilithibitisha homoni. Wiki hiyohiyo Daktari Karanja alimpeleka Nairobi kwa skani, akaniruhusu niandamane nao. Nilikuwa nimepiga picha za vichwa kwa miezi mingi, lakini nilikuwa nimeona mfupa tu, kama mtu anayepita nje ya ukuta wa boma. Pale Nairobi niliuona ubongo wenyewe kwa mara ya kwanza, umekatwa slesi kwa slesi kwenye kioo kama mkate, na katikati yake donge jeupe la mviringo limekaa pasipo pake. Nilisahau kwamba nipo kazini. Mama Ciku aliniuliza, "Ni hilo?" Nikamwambia ndilo. Akalitazama kwa muda mrefu, jinsi mtu anavyomtazama aliyemwibia.

Tulidhani atapasuliwa. Daktari alisema aina ile mara nyingi hunywea kwa vidonge peke yake, akaandika barua mpaka vikapatikana. Vilimtapisha vibaya wiki za mwanzo, na mara mbili alikataa kumeza. Mama Ciku ndiye aliyemsimamia, kidonge mkono mmoja na uji mkono mwingine. Baada ya wiki kadhaa maumivu ya kichwa, ambayo hakuwa amemwambia mtu, yaliisha. Baadaye akaanza kuona milango. Kiwandani walimweka kwenye meza za kuanika kahawa, na ulipotimia mwaka, daktari wa macho aliporidhika, wakamrudishia lori. Jicho la kushoto halikurudi lote. Alijifunza kugeuza shingo. Kuhusu lile jambo lingine sikuuliza, na si kazi ya mpiga eksirei kuuliza. Lakini kaka yake Mama Ciku alirudi kwao bila mizigo, na Ciku akapata mdogo wake, ambaye nilimpiga picha ya mkono alipoanguka kwenye mpera.

Utafiti wa Daktari Karanja ulifungwa mwaka uliofuata. Katika wale wanaume wote, Njuguna peke yake ndiye aliyekutwa na uvimbe. Daktari aliandika ripoti na kusema wazi ndani yake kwamba picha ya kichwa haifai kupigwa kila mwanaume mwenye tatizo hilo. Kwanza aulizwe vizuri, apimwe damu, aangaliwe macho. Nilimwuliza kama imemuuma. Alisema jibu la hapana pia ni jibu, ila halipigiwi makofi.

Habari za Njuguna, lakini, zilikuwa zimetembea. Hatukujua nani alizitoa. Nadhani ni yeye mwenyewe, maana alikuwa amebadilika. Wanaume walianza kuja kutoka Ruiru, kutoka Gatuanyaga, wakitaka picha ya kichwa hata bila barua ya daktari. Mmoja alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi, nadhifu, tai imefungwa sawasawa. Huyo alikuwa na barua. Nilimpiga picha na kumngojesha, safari hii mlango wa nyuma nikiwa nimeufunga kwa ufunguo. Filamu ilitoka nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga. Sakafu moja, safi, kama imechorwa.

Sheria ilisema majibu hutolewa na daktari. Lakini aliniona usoni, na nilikuwa natabasamu.

"Hakuna kitu?" akauliza.

"Daktari atakueleza, mwalimu. Lakini usiogope."

Alivua miwani, akaanza kuifuta kwa ncha ya tai, na machozi yakamtoka.

"Nilikuwa naomba kiwepo," akasema. "Cha kuonyesha nyumbani."

Bwana Mutiso alikuwa amestaafu mwezi ule, kwa hiyo sikuwa na wa kumwuliza. Benchi nje lilikuwa limejaa, na mashine ilikuwa bado moto. Nilizima sanduku la taa, nikaivua ile aproni nzito ya madini ya risasi, ya kuzuia miale, nikavuta stuli na kuketi mbele yake.

"Mke wako anaitwa nani, mwalimu?" nikamwuliza.

Alinitazama kana kwamba hakuna mtu aliyewahi kumwuliza hivyo hospitalini. Kisha akaniambia.